Bonde la Bujuku na Barafu ya Stanley: Mwongozo wa Safari ya Kwanza Rwenzori

Msimu ukikaribia, maswali ya wanaotaka kupanda Rwenzori ni yale yale. Gambuti, yaani buti ndefu za mpira, za nini mlimani? Siku tano zinatosha? Nilishafika Kilimanjaro, huku nitashindwa nini? Kwa kifupi: gambuti ni lazima, siku tano hazitoshi, na Kilimanjaro haimfundishi mtu kutembea kinamasini wala kufungwa kamba kwenye barafu. Kwa kirefu, soma hadi mwisho kabla hujalipa mtu yeyote.

Njia inayoelezwa hapa ni mzunguko wa kati. Unaanzia Nyakalengija wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, unapanda bonde la mto Bujuku, unalala kibanda cha Elena chini ya Mlima Stanley, unavuka barafu hadi kilele cha Margherita (mita 5,109), halafu unarudi kwa pito (njia ya kupenya kati ya vilele) la Scott Elliot, maziwa ya Kitandara, pito la Freshfield na bonde la Mubuku. Njia ya kusini inayoanzia Kilembe ina hesabu zake na haimo humu.

Jambo la kushika mapema: Rwenzori humchosha mtu kwa maji kabla ya kumchosha kwa urefu. Mvua, ukungu, tope, umande, jasho lako mwenyewe. Anayefika Elena akiwa na nguo kavu na usingizi wa kutosha ana nafasi nzuri ya kufika juu hata kama si mwanariadha. Anayefika amelowa tangu siku ya pili, hata akiwa mkimbiaji wa Kapchorwa, kwa kawaida anageukia hapo.

Lini uende

Miezi yenye nafuu ni kuanzia mwisho wa Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti. Nafuu haina maana ya ukavu. Hata Januari panga kunyeshewa kila siku, kwa kawaida mchana. Aprili, Mei, Oktoba na Novemba ni za watu wanaoijua njia na wenye siku za ziada.

Siku ngapi

Ratiba inayouzwa sana ni ya siku saba. Chukua nane. Angalia mwinuko wa pale utakapolala: Nyabitaba mita 2,652, John Matte mita 3,400 hadi 3,500, kutegemea ramani unayoshika, Bujuku mita 3,962, Elena mita 4,541. Ushauri wa kawaida wa madaktari ni kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na upumzike siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Ratiba ya siku saba inavunja kanuni hiyo, hasa unapotoka Bujuku kwenda Elena. Siku ya nane, ukiitumia Bujuku, inarekebisha sehemu kubwa ya tatizo, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kulipia safari nzima halafu ugeukie Elena kwa kuumwa kichwa.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Kibali na mwongozaji. Hii ni Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991 na kuingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1994. Huruhusiwi kupanda bila mwongozaji. Malipo ya hifadhi huenda kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango cha chini kuliko wageni wa mbali, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa au pasipoti yenyewe, siyo picha kwenye simu. Uliza bei ya mwaka huo, kisha uliza imejumlisha nini: chakula? vibanda? vifaa vya barafu? wapagazi wangapi, na kila mmoja anabeba kilo ngapi?

Swali jingine la kuuliza kabla ya kulipa: njia ya barafu iko wazi mwezi huu? Barafu ya Rwenzori inayeyuka. Mwaka 1906, msafara wa Mwitaliano wa ukoo wa kifalme, Dyuki wa Abruzzi, ulipofika Margherita, milima hii ilikuwa na barafu ya kilomita za mraba zipatazo 6.5. Kufikia 2003 ilibaki chini ya kilomita moja ya mraba, na imeendelea kupungua. Pale ambapo ramani ya zamani inaonyesha barafu leo kuna mwamba mtupu, na nyufa hufunguka mahali ambapo msimu uliopita watu walipita bila wasiwasi. Maelezo ya rafiki yako aliyepanda miaka sita iliyopita usiyategemee kwa sehemu hii.

Vya miguuni:
- Gambuti jozi moja, zinazozidi saizi yako kwa nusu au moja. Masoko ya Kasese yanazo kwa bei nafuu. Zijaribu ukiwa umevaa soksi mbili, na uhakikishe kisigino hakipandi unapotembea.
- Soli laini za ndani, jozi mbili. Soli ya gambuti ni nyembamba na mawe yatakupiga.
- Buti ngumu za mlimani za siku ya barafu. Kramponi, yaani vyuma vyenye meno vya kufunga chini ya kiatu, hazikai kwenye gambuti. Usikubali mtu akuambie zinakaa.
- Soksi nene jozi tano, nyembamba jozi tatu.

Vya mwilini:
- Koti na suruali ya mvua isiyopitisha maji kweli. Ijaribu nyumbani chini ya bomba kwa dakika kumi.
- Nguo za ndani za sufu au nailoni, juu na chini, jozi mbili. Pamba iache Kampala. Ikilowa haikauki, na inakunyonya joto.
- Sweta zito na jaketi la joto.
- Glavu jozi mbili, moja iwe isiyopitisha maji. Kofia ya sufu.
- Miwani ya jua yenye giza na inayofunika pembeni, na mafuta ya kuzuia jua. Hapa ni ikweta. Barafu inarudisha mwanga usoni hata kukiwa na ukungu.

Vya kulalia na kubebea:
- Begi la kulalia linalostahimili nyuzi 10 chini ya sifuri.
- Makavera (mifuko ya plastiki) mazito sita au zaidi. Kila kitu ndani ya begi kiwe ndani ya kavera: nguo kavera lake, begi la kulalia makavera mawili. Kifuniko cha nje cha begi hakitoshi, kwani maji huingia kwa upande wa mgongo.
- Taa ya kichwani na betri za ziada. Betri zilale nawe ndani ya begi la kulalia, baridi inazimaliza.
- Fimbo mbili za kutembelea.

Vya barafuni: kramponi, shoka la barafu, mkanda wa kiunoni wa kupandia, karabina (pete za chuma za kufungia kamba) mbili zenye kufuli, helmeti. Kamba ni ya mwongozaji. Vyote hukodishwa, lakini vikague Nyakalengija au Kasese, siyo Elena saa nane usiku. Funga kramponi kwenye buti zako mwenyewe, inua mguu, utikise. Zikicheza hata kidogo, omba nyingine.

Dawa: za maumivu, za kuharisha, chumvi ya kurudisha maji mwilini, plasta za malengelenge, na kipimo cha haraka cha malaria pamoja na dawa yake. Kasese bondeni kuna mbu, na homa iliyoanzia kwenye nyumba ya wageni inaweza kukupandia ukiwa Bujuku. Kuhusu asetazolamaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Diamox, zungumza na daktari mapema. Kipimo cha kinga kinachotumika sana ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Wenye mzio wa dawa za salfa wamweleze daktari. Inakukojoza sana na vidole huchomachoma kama vyenye ganzi. Hilo ni la kawaida.

Chakula mara nyingi hupikwa na kampuni, lakini mpishi aulizwe swali moja: maharagwe ameyapikia wapi? Kwenye mita 4,000 maji huchemka karibu nyuzi 86 au 87, na maharagwe makavu hayaivi hata ukiyakesha. Yachemshwe kabisa mjini, au mtumie dengu ndogo, karanga za kusagwa, mayai na samaki wakavu. Posho (ugali), uji wa mtama na chapati haziwaangushi watu. Kuni haziruhusiwi hifadhini. Jiko ni la gesi au mafuta ya taa.

Hatua kwa hatua

1. Kutoka Kasese hadi Nyabitaba. Toka Kasese mapema. Unafuata barabara ya Fort Portal, unakunja kushoto kuelekea Ibanda hadi Nyakalengija. Kwa gari au boda ni safari fupi. Jiandikishe, pima mizigo, lipa. Begi lako mwenyewe lisizidi kilo saba: maji, koti la mvua, sweta, vitafunio. Kutoka hapo ni saa tano au sita kupitia mashamba ya Bakonzo, kisha msitu. Viatu vya kawaida vinatosha siku hii. Mwinuko wa mwisho kabla ya kibanda unapanda wima kwa muda mrefu, na hapo ndipo vijana hukimbilia kuonyesha nguvu. Tembea mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema.

2. Nyabitaba hadi John Matte. Hii ni siku ndefu, saa saba hivi, na watu wengi huidharau. Unashuka hadi daraja la Kurt Schafer, karibu na pale Bujuku na Mubuku inapokutana, unavuka, kisha unapanda kwenye mianzi. Vaa gambuti kuanzia asubuhi. Mawe ya hapa yamefunikwa kuvumwani na yanateleza kuliko barafu yenyewe: kanyaga katikati ya jiwe, siyo ukingoni, na usishike mwanzi uliokauka kama tegemeo. Juu ya mianzi miti mikubwa ya jamii ya erika huanza, ikining'inia ndevu za kijani. Kuanzia hapa hakuna kinachokauka tena. Ukitundika soksi kibandani usiku, asubuhi utaikuta imelowa zaidi.

3. Weka kanuni ya nguo mbili. Ukifika John Matte gawa nguo zako mafungu mawili. Fungu la kulalia halitoki kibandani kamwe na halivaliwi njiani hata ukisikia baridi kali. Fungu la kutembelea ndilo utakalolivaa kila asubuhi, likiwa limelowa. Ndiyo, ni mateso ya dakika kumi. Baada ya hapo mwili unalipasha. Mtu anayeamua kuvaa soksi zake kavu asubuhi ya tatu kwa sababu "leo hakuna mvua" anakuwa hana kitu kikavu Elena, mahali ambapo usiku joto hushuka hadi sifuri au chini yake.

4. Vuka vinamasi vya Bigo. Ni saa tano hivi kutoka John Matte hadi Bujuku, na sehemu kubwa ni kinamasi: Bigo ya chini, kisha Bigo ya juu. Kuna sehemu zenye njia za mbao. Nyingine utaruka kutoka tuta moja la nyasi hadi jingine. Fanya hivi:

- Suruali ya mvua ipite nje ya gambuti, siyo ndani. Ikiwa ndani, maji ya mvua yanashukia mguuni.
- Kanyaga katikati ya tuta. Pembeni linainama na kukuangusha.
- Pima kwa fimbo kabla ya kukanyaga tope jeusi linalong'aa. Fimbo ikizama kupita goti lako, zunguka.
- Mbao zikiwa na maji, tembea kwa unyayo mzima, hatua fupi, fimbo zote chini.
- Usimfuate mtu kwa karibu. Acha mita tatu, ili akikwama usikwame naye.

Ukizama hadi gotini usivute mguu wima kwa nguvu. Utatoka mguu, gambuti itabaki. Keti nyuma kidogo juu ya tuta, shika mdomo wa gambuti kwa mikono miwili, zungusha kisigino huku na huku mpaka hewa iingie chini, ndipo uvute. Ukivuta kwa hasira unaumiza goti, na goti lililoumia hapa linarudi chini kwa machela.

Baada ya Bigo utaliona ziwa Bujuku, na nyuma yake milima Stanley, Speke na Baker, ukungu ukiruhusu. Kandokando ya ziwa kuna tope zito. Shika njia ya mwongozaji hata kama ile nyingine inaonekana fupi.

5. Pumzika Bujuku. Hii ndiyo siku ya nane tuliyoizungumza. Usilale mchana kutwa. Panda polepole kuelekea pito la Stuhlmann, mita 4,157, kaa nusu saa, rudi ule na kulala. Kunywa lita tatu au zaidi. Maji ya vijito ni ya kahawia kwa sababu ya mimea ya kinamasi. Rangi hiyo haina madhara, lakini inapunguza nguvu ya dawa za klorini kama Waterguard. Yachuje kwanza kwa kitambaa, kisha yachemshe; kwenye mwinuko huu yaache yatokote dakika tatu.

Jioni jipime kwa ukweli. Kichwa kinauma hata baada ya dawa na maji? Umetapika? Huna hamu ya chakula kabisa? Basi kesho hupandi. Unabaki, na usipopata nafuu unashuka.

6. Bujuku hadi Elena. Saa tatu hadi nne tu, lakini ni wima. Unapanda korongo la misenesio, ile miti mikubwa yenye vichwa vya majani makubwa, kuna ngazi ya chuma sehemu ya juu, kisha njia inagawanyika: kushoto kwenda pito la Scott Elliot na Kitandara, kulia kwenda Elena kwenye miamba. Badilisha gambuti na kuvaa buti ukiwa Bujuku au kwenye njia panda hii, mwongozaji atakuambia kulingana na tope la siku hiyo. Mwombe wapagazi wasioenda Elena watangulie Kitandara na mizigo usiyohitaji. Elena ni padogo na hapana raha.

Ukifika, kula kabla hujasema huna njaa. Panga kila kitu cha usiku: mkanda wa kiunoni uvae juu ya nguo ukiwa kibandani, taa shingoni, chupa ya maji ndani ya begi la kulalia isigande. Kabla ya giza, waombe waongozaji wakufanyishe mazoezi ya fundo la umbo la nane, kufunga karabina na kushika shoka. Asiyejua kufunga kramponi kwa glavu mkononi afanye mazoezi hadi ajue.

7. Vuka barafu. Kuondoka ni saa nane au saa tisa usiku. Sababu ni rahisi: barafu ya usiku ni ngumu na nyufa zimefungwa vizuri, jua likipanda inalainika, na mchana mawingu yanafunga njia.

Kutoka kibandani kuna miamba mikubwa laini, ambayo ikiwa na barafu nyembamba juu yake ni hatari kuliko sehemu zote zinazofuata. Tumia mikono. Ukingoni mwa barafu, mnasimama na kufungwa kamba. Watu wanne kwenye kamba moja, mita 8 hadi 10 kati ya mmoja na mwingine.

- Kamba kati yenu iguse barafu kidogo katikati. Ikivutika sana unamwangusha mwenzako. Ikilegea sana, akidumbukia anapata kasi kabla hujamshika.
- Usishike mizunguko ya kamba mkononi.
- Miguu iwe mbali kidogo kuliko kawaida, ili meno ya kramponi yasikate suruali au shavu la mguu mwingine. Kanyaga kwa meno yote, unyayo bapa.
- Shoka liwe mkono wa upande wa mlimani.
- Theluji ikigandamana chini ya kramponi, gonga buti kwa mpini wa shoka kila hatua kadhaa. Ukiacha, unatembea juu ya mpira.
- Aliye mbele akisema simama, simama. Akidumbukia mtu, lala chini upesi, piga shoka barafuni, ukae mzito.

Mnavuka uwanda wa Stanley, ambao ni wa mteremko wa wastani, mnashuka miamba chini ya kilele cha Alexandra (mita 5,091), kisha mnapanda barafu ya Margherita, iliyo wima zaidi. Hapa pana nyufa na kwa kawaida kamba za kudumu. Jifunge kwenye kamba mpya, siyo ile iliyochakaa pembeni yake. Muulize mwongozaji ni ipi. Baada ya barafu kuna miamba ya mwisho hadi kilele.

Wekeni saa ya kugeuka kabla ya kuondoka Elena: saa nne asubuhi, popote mlipo. Si saa nne na nusu kwa sababu kilele kinaonekana. Ajali nyingi za milima mirefu hutokea wakati wa kushuka, watu wakiwa wamechoka na barafu imelainika.

8. Amua kabla ya kuvuka Scott Elliot. Hatua hii haiandikwi vya kutosha. Ukishuka Elena na kurudi kwenye njia panda, ratiba inakupeleka pito la Scott Elliot, mita 4,372, kisha Kitandara, mita 4,023. Maziwa yale ni mazuri kweli. Lakini Kitandara ni kama bakuli: maji yake yanatiririkia Congo, na ili kurudi Uganda kesho yake lazima upande tena hadi pito la Freshfield, mita 4,282. Mgonjwa wa mwinuko akiwa Kitandara hawezi kushuka bila kupanda kwanza.

Kwa hiyo mtu mwenye kichwa kinachogonga, anayetapika, anayeyumba au anayekohoa huku amepumzika haendi Kitandara. Anarudi Bujuku na kuendelea chini hadi John Matte usiku huo huo ikibidi. Njia hiyo inashuka tu. Kundi ligawanyike, mwambie mwongozaji mkuu mapema kwamba mnataka angalau waongozaji wawili kwa ajili ya hili.

9. Kitandara, Freshfield, Mubuku, nyumbani. Rudisha gambuti miguuni. Freshfield inapandwa polepole asubuhi, kisha ni mteremko hadi mwamba wa Bujongolo, ambapo msafara wa 1906 ulipiga kambi yake, na kuendelea hadi kibanda cha Guy Yeoman. Mteremko huu ndio unaomaliza magoti: refusha fimbo kwa sentimita tano au kumi na ukate kucha za miguu usiku uliotangulia. Siku ya mwisho ni ndefu na ya matope, kupitia Nyabitaba hadi Nyakalengija. Pesa za kuwashukuru wapagazi na waongozaji ziwe taslimu na ziwe zimegawanywa kwenye bahasha kabla hujapanda. Mlimani hakuna chenji.

Mambo yakiharibika

*Kichwa kinauma juu ya mita 3,000.* Chukulia ni mwinuko mpaka ithibitike vingine. Maji, dawa ya maumivu, pumzika, usipande. Kukiwa na homa, pima malaria, lakini kipimo kikiwa chanya bado unashuka. Usisubiri dawa ifanye kazi juu.

*Anatembea kama mlevi.* Mwambie atembee kwenye mstari, kisigino kwa kidole. Akishindwa, ubongo umeanza kuvimba. Anashuka sasa hivi, hata kama ni usiku, akisindikizwa. Kusubiri asubuhi ndiko kunakoua.

*Anahema akiwa ameketi, anakohoa povu.* Mapafu yamejaa maji. Shuka, mtu asibebe kitu chochote, apewe joto.

*Anatetemeka, kisha ameacha kutetemeka na maneno yanavurugika.* Mwili umepoa kupita kiasi. Mtoe kwenye upepo, vua nguo zilizolowa, mwingize kwenye begi kavu la kulalia na chupa za maji ya moto kwapani na kwenye kinena, mpe kinywaji kitamu cha moto kama anaweza kumeza. Waragi (pombe kali) hapana, inafungua mishipa na kumwaga joto lililobaki.

*Macho yanawasha kama yana mchanga, jioni baada ya barafu.* Ni mwanga. Funga macho kwa kitambaa safi chenye unyevu, kaa gizani. Kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili. Aliyepoteza miwani njiani akate kipande cha boksi chenye mfereji mwembamba na kukifunga usoni.

*Maji yameingia ndani ya gambuti.* Mwaga, kamua soksi, vaa tena. Ukifika kibandani jaza karatasi ndani, zibadilishe mara mbili. Malengelenge yafunike yakiwa bado mekundu, siyo yakishapasuka.

*Jiko halishiki moto Elena.* Mtungi wa gesi umepoa. Uweke ndani ya jaketi kwa robo saa kabla ya kuwasha, na usiuweke moja kwa moja juu ya mwamba baridi; weka ubao chini. Viberiti vya gesi husumbua juu, beba njiti za kibiriti ndani ya chupa iliyofungwa.

*Simu haina mtandao.* Tarajia hivyo sehemu kubwa ya njia, japo mtandao hujitokeza kwenye baadhi ya migongo ya milima. Waachie watu wa nyumbani ratiba, jina la kampuni na tarehe ya kurudi, ukiongeza siku moja, ili kuchelewa kwa mvua kusiwafanye waanze kupiga simu polisi Kasese.

*Mwongozaji anasema tugeuke, na wewe unajiona mzima.* Geuka. Anayetazama barafu ile kila mwezi ameona kitu ambacho hukijui. Ukitaka kujua sababu, muulize mkishafika kibandani.